Lita Mia Nne na Kumi

Custodio Siachoque hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hapana. Ukimwomba jembe atakwambia hapana, halafu baada ya nusu saa utamwona anashuka na jembe begani, tena amekwisha kukunolea. Shida ni kwamba kwenye mambo ya maji ile nusu saa haikuwepo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji cha Ramada Alta kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona akinywa hata kikombe cha kahawa kwenye nyumba ya mtu mwenye ombi mbele ya kamati. Watu walimsifu kwa hilo. Mkewe, Saturia, ndiye aliyejua gharama ya sifa hizo, kwa sababu kazi ya kurudisha kuku ilikuwa yake.

Maana kule Boyacá, kwenye milima ya Kolombia, mtu mwenye haja haendi kwa mwenzake mikono mitupu. Anafunga kapu: kuku aliyechemshwa mzima, viazi na maganda yake, mayai, pengine na kipande cha jibini, juu yake kitambaa safi. Kapu hilo wanaliita agrado. Ukilipokea na kula, umekubali, hata kama ombi lenyewe bado halijatamkwa. Kama hutaki kukubali, unalirudisha na kitambaa chake kama kilivyokuja. Watu wameoana kwa agrado, wamemaliza ugomvi wa mipaka kwa agrado. Kwa Custodio yalikuja makapu mengi, yakarudi yote, na Saturia aliyakabidhi mlangoni, akayasindikiza kwa macho mpaka yakapotelea kwenye kona, huku tumbo likimnguruma.

Sasa akaja Yolima Cely. Binti huyu alikuwa amepokea simu za wateja wa kampuni moja huko Bogotá kwa miaka minane, halafu siku moja akafunga virago akarudi kwenye kiwanja cha marehemu bibi yake, ng'ambo ya korongo, mkabala na jiko la Saturia. Kila mtu alidhani atapanda viazi. Yeye akasimamisha hema jeupe la duara, kubwa, upande wa mbele wote ni plastiki ya kuonea nje. Ndani akaweka kitanda cha kulaza watu wanne, mazulia na taa za kamba, na nje, kwenye sakafu ya mbao, akaweka jakuzi, beseni kubwa la kukaa kwenye maji moto. Akasema watu wa Bogotá watalipa kuja kulala humo. Ramada Alta ilicheka mpaka mbavu zikauma. Walipe, wapigwe na baridi ya bure? Lakini katika miezi miwili zilikuja jozi sita za wapenzi, zikapiga picha na ng'ombe wa jirani yao Evangelista, na zikanunua jibini la Saturia bila kubembeleza bei.

Kilichokosekana kilikuwa maji. Bomba la yule bibi lilikatwa alipofariki, na kuunganishwa upya ni mpaka mkutano wa wanachama upige kura. Yolima alikuwa anaishi kwa mapipa ya mvua, na mvua zenyewe zilikuwa ukingoni, Desemba ikishagonga hodi ni ukame mpaka Machi. Custodio alikuwa ameshatoa neno lake hadharani, mbele ya duka, kwamba maji ya Ramada Alta ni ya watu, ya mifugo na ya viazi, na kama watu wa Bogotá wanataka kuloweka makalio wakaloweke kwao. Custodio akisema hapana, mikono mingine humfuata kama ilivyozoea. Mkutano ulikuwa Jumapili.

Yolima alimweleza Saturia habari hiyo jikoni, siku aliyokuja kuchukua jibini. Hakulia. Alisema tu kwamba kura ikienda vibaya atamuuzia hema mtu wa kijiji cha pili na kurudi kwenye simu zake, nafasi yake bado wamemshikia mpaka mwisho wa mwezi. Saturia aliendelea kufunga jibini kwenye majani, huku akihesabu nyumba kichwani. Kwenye ule mteremko kulikuwa na nyumba kumi na nne, na tisa zilikuwa na kufuli. Wanawe wanne walikuwa wameondoka wote, watatu Bogotá na mmoja kwenye nyanda za Casanare. Yolima alikuwa mtu wa kwanza katika miaka mingi aliyepanda ile njia na mizigo badala ya kuishuka nayo. Saturia alimpenda, na aliogopa, aliogopa kweli, kuzeekea mahali ambapo chumvi ikiisha hakuna wa kumwazima.

Hakuwahi kuingilia mambo ya maji. Siku hiyo aliingilia.

"Usimbembeleze," akamwambia Yolima. "Ukimbembeleza umekwisha. Mwambie anataka kupiga kura juu ya kitu ambacho hajakipima. Basi, hilo tu. Mwambie aje alale, apime."

Yolima akafanya hivyohivyo. Custodio alizunguka na maneno hayo siku mbili, akinuna, akikoroga uji wa ndama mara ya pili wakati umeshakorogwa, na mwisho akakiri kwamba ni kweli hajapima. Wataenda Ijumaa, yeye na Saturia, walale usiku mmoja. Evangelista, mwenzake wa tangu utoto, atawakamulia ng'ombe.

Saturia hakuwahi kwenda mapumziko popote. Aliwahi kwenda kuhiji Chiquinquirá, lakini huko alitembea kwa magoti na kuwapikia watu kumi na mmoja, na hayo sidhani kama kuna mtu anaweza kuyaita mapumziko. Ijumaa hiyo alivaa ruana yake nzuri, ile ya sufu ya kijivu aliyojifunika nayo kanisani, na kofia ya Jumapili. Custodio alifunga mfuko: fimbo ya kupimia, daftari, penseli, mablanketi mawili ya nyumbani, chupa ya chai iliyojaa maji moto ya sukari guru, mikate minne na soseji moja ndefu.

"Tunakwenda mita mia sita," Saturia akamkumbusha.

"Sili kwa mtu mwenye ombi," Custodio akasema, akafunga kamba.

Walipokuwa wanapanda upande wa pili wa korongo, Evangelista aliwaona kutoka shambani kwake akawauliza kwa sauti ya kusikika kijiji kizima kama ndiyo fungate hiyo wanaanza. Custodio akamjibu kwamba anakwenda kazini. Saturia alikuwa anatabasamu chini ya kofia.

Yolima aliwapokea kama anavyowapokea wageni wake wote, akawaonyesha swichi ya kipasha joto, choo, mahali pa kuwasha gesi ya jakuzi, kisha akaaga. Alisema sheria ya pale ni mgeni aachwe na utulivu wake. Custodio hakujua la kufanya na utulivu. Alianza na kitanda. Juu yake palikuwa na taulo zilizokunjwa umbo la bata, akamkunjua bata mzima aone kilichomo ndani, na hakikuwemo kitu. Kisha akaona meza, na juu ya meza kapu, na juu ya kapu kitambaa cheupe.

Saturia alishatangulia kukifunua. Kuku mzima, amechemshwa na vitunguu vya majani, bado ana moto. Viazi vidogo vya njano na maganda yake. Mayai. Jibini, tena jibini lake mwenyewe, alilijua kwa alama ya kitambaa. Na pembeni chokoleti na chupa ndogo ya mvinyo, vitu ambavyo havikuwahi kuwamo kwenye makapu ya zamani, lakini Yolima alikuwa msichana wa mjini.

Custodio alisimama akalitazama lile kapu kwa muda.

"Agrado," akasema. "Sikulitegemea hili kwa Yolima."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Saturia. Alisema kama mtu aliyevunjwa moyo. Akarudisha kitambaa mahali pake, akalibeba kapu mpaka karibu na mlango, akaliweka chini, akasema kesho asubuhi litarudi lilivyo. Saturia akaona jinsi mpango wake wote ulivyokwenda mrama kabla hata hawajavua kofia.

Custodio akaanza kazi yake. Alivuta maji ya choo mara tatu, akipima kila mara pipa la nje limeshuka vidole vingapi. Alipima mrija wa bafu. Alipofika kwenye jakuzi alipiga magoti kwenye sakafu ya mbao, akaingiza fimbo, akapima upana huku na huku, akazidisha kwenye daftari huku ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mwanafunzi. Lita mia nne na kumi. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Ng'ombe mmoja anakunywa arobaini kwa siku, akasema, kwa hiyo hapa pana ng'ombe kumi wamekaa wanatoa mvuke. Kisha akarudi ndani, akakaa kwenye kiti, ruana mwilini, kofia kichwani, uso kwenye ile plastiki ya kuonea nje. Na kilichoonekana pale, mandhari ambayo watu walikuwa wanatoka Bogotá kuja kuitazama, ilikuwa nyumba yake Custodio. Paa lake, zizi lake, ng'ombe wake watano.

"Evangelista amechelewa," akasema. "Saa kumi na robo hii, yule mweusi hata kamba hajafungwa."

Akafungua mfuko wake, akakata mkate na soseji. Alimpa Saturia kipande. Saturia alikipokea akakishika tu mkononi.

Alikuwa anatazama ule mvuke. Bega lake la kushoto lilikuwa limekakamaa na kuuma tangu ule mwaka wa mvua ya mawe, walipong'oa viazi vyote kwa siku mbili kabla havijaoza na yeye akabeba magunia sambamba na wanaume. Tangu hapo mkono ule ulikuwa unapanda mpaka kwenye sikio na kukomea hapo. Nywele alikuwa anazichana kwa mkono mmoja na kuzifunga fundo, kusuka alikuwa ameacha. Hakumlalamikia mtu, alijipaka dawa ya kuchua akaendelea. Na kuoga kwao kulikuwa sufuria la maji moto na kikombe, umesimama kwenye saruji, upepo unaingia chini ya mlango, unaharakisha usije ukashikwa na kifua.

"Naingia," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye maji. Utapimaje kama hamna mtu ndani?"

Custodio alitazama fimbo yake. Lilikuwa swali la upimaji, na lilikuwa swali sahihi.

Akaingia na shimizi yake, polepole, ameshika ukingo kwa mkono mzima. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akakaa, yakamfika shingoni. Hakuwahi kufikiria kwamba joto linaweza kukuzunguka pande zote kwa wakati mmoja. Sikuzote lilikuwa upande mmoja, upande wa moto wa jikoni, na mgongo unabaki na baridi. Liliingia begani, likaendelea kuingia, mahali ambapo dawa ya kuchua haikuwahi kufika, na Saturia akaanza kulia. Hakuwa na huzuni. Alilia kwa sababu kitu kilichokuwa kinauma kwa miaka sita kilikuwa kimeacha kuuma, na hapo ndipo alipojua kiliuma kiasi gani.

Custodio alitoka na fimbo yake, kuja kupima maji yamepanda vidole vingapi. Akamkuta vile. Akamuuliza kama maji ni moto mno. Hapana. Kama anaumwa. Hapana.

"Sasa unalia nini, mama?"

"Nina miaka sitini na mbili, Custodio. Miaka arobaini na moja ng'ombe wako wanapata maji kabla yangu. Niache nilie kidogo."

Custodio alisimama palepale. Fimbo ilikuwa inamdondoshea maji kwenye kiatu na hakuiondoa.

"Halafu nina njaa," Saturia akasema. "Niletee yule kuku."

"Saturia. Ukimla unajua maana yake."

"Najua. Miaka kumi na tisa nimerudisha kuku wako mimi. Huyu simrudishi."

Custodio aligeuka akatazama nyumba yake. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kilele cha upande wao, na ng'ambo Evangelista hatimaye alikuwa anamkamua yule mweusi. Kisha Custodio akaingia ndani. Saturia alijua kwamba asiporudi atainuka mwenyewe na maji yake yote akalichukue kapu, na alikuwa ameshaweka mkono kwenye ukingo. Akarudi. Alikuwa amelibeba kapu kwa mikono miwili. Akaliweka kwenye sakafu ya mbao karibu na kichwa cha mkewe, akafunua kitambaa, akakikunja vizuri.

"Mimi sili," akasema.

Akavuta kiti, akakaa kando ya maji, akatafuna mkate wake na soseji. Saturia alikula paja, akala bawa, akala viazi vitano na maganda yake, akinyoosha mkono kutoka kwenye mvuke. Alitoka giza lilipoanza kuingia, na akalala kwenye kile kitanda cha watu wanne usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu alipomzaa kifungua mimba wake.

Alipoamka kulikuwa kumeshakucha. Custodio alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake na kofia, pengine tangu saa kumi alfajiri, akiilinda nyumba yake kwa macho. Saturia alikaa kitandani akaanza kuchana nywele, na mawazo yake yakiwa mbali, yakiwa kwenye ile kura, mkono wake wa kushoto ukapanda. Ukapita sikio, ukafika utosini. Alishaanza kusuka ndipo alipotambua anachofanya, na akaogopa kusimama asije akauharibu muujiza. Custodio alikuwa ameshageuka anamtazama. Alilamba ncha ya penseli akaandika kwenye daftari, na Saturia hakuuliza ni nini.

Yolima akaja na supu ya maziwa na mayai na arepa za moto, ile mikate ya mahindi. Custodio alisimama kumpokea kama mtu aliye mahakamani.

"Agrado yako imeliwa," akamwambia. "Imeliwa na watu wa nyumba yangu. Sema unachoomba."

Binti wa watu akabaki ameshika trei. "Agrado gani, Don Custodio?"

"Kapu."

"Lile kapu? Lile ni chakula cha jioni. Kila mgeni anapewa, limo kwenye bei."

"Kuku mzima?"

"Kuku mzima."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa ni cha nzi."

Saturia alicheka mpaka akamwaga supu. Custodio hakucheka. Alimwambia Yolima, kwa upole lakini bila kurudi nyuma, kwamba Bogotá imemkaa kichwani mno. Kuku mzima kwenye kapu lenye kitambaa ni agrado hata umwite jina gani, na kilicholiwa kimeliwa. Kwa hiyo Jumapili hatapiga kura. Aliyekula hapigi kura. Akachukua mfuko wake, akashukuru kwa malazi, akatoka.

Kicheko kikamkauka Saturia. Alidhani amemfunga mumewe kwenye ndiyo, kumbe mzee amepata mlango wa tatu. Akamwona Yolima anaweka trei mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayejizuia, kisha akasema pole pole kwamba bila mkono wa Don Custodio hakuna atakayethubutu kuinua wake. Saturia alimshika bega, akaenda zake na aibu. Jumamosi yote hakuzungumza na mumewe. Alimpikia, ndiyo, lakini chumvi alitia kwenye sahani yake mwenyewe tu. Custodio alikula vilevile, na hakuiomba.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule iliyofungwa, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Wanachama ishirini na wawili. Yolima alikaa nyuma kabisa. Walipofika kwenye ombi lake, Custodio alisimama akatangaza kwamba mwenyekiti hatapiga kura, kwa sababu nyumbani kwake imeliwa agrado ya mwombaji.

Watu wakageukiana kwenye madawati. Miaka kumi na tisa. Mwisho Evangelista akauliza, kwa heshima zote, ni nani hasa aliyekula.

Saturia akasimama. "Mimi. Yeye alikula mkate na soseji yake."

Darasa zima likaangua kicheko, na hata Yolima, kule nyuma, akainamisha kichwa mabega yakimtikisika. Kilipotulia, Evangelista akasema sawa, hatapiga kura, lakini si alikwenda kupima? Basi awasomee alichopima, ndicho alichokwendea.

Custodio akavaa miwani, akafungua daftari. Alisoma choo, vidole na lita. Alisoma bafu. Alisoma jakuzi, lita mia nne na kumi, na watu wakaguna, mmoja akasema hao ni ng'ombe kumi. Akasoma kwamba mteremko upo, kwa hiyo maji ya jakuzi yakimwagwa yanaweza kushuka kwa mfereji mpaka kwenye malisho ya chini bila pampu, na kwamba mapipa mengine mawili ya mvua yatapunguza mzigo wa bomba kwa theluthi. Akafungua ukurasa mwingine. Hapo sauti yake ikapungua, na waliokaa nyuma ikabidi wainame mbele.

"Saturia Pulido. Aliingia saa kumi na nusu jioni, akatoka saa kumi na mbili. Mkono wa kushoto, tangu mwaka wa mvua ya mawe, unakomea kwenye sikio. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ulifika utosini. Alisuka nywele kwa mikono miwili."

Akafunga daftari. "Ndicho nilichopima," akasema, akakaa chini, akavua miwani akawa anaifuta na ncha ya ruana, akiifuta tu.

Saturia alitazama mikono yake. Kwa miaka sita aliamini kwamba mwanamume yule hajui hata kama ana bega. Alikuwa amejua mpaka mahali mkono unapokomea. Alifurahi na kukasirika kwa pamoja, akatamani ampige na ampige tena, halafu amtilie chumvi.

Wakapiga kura. Waliokubali kumi na watano, waliokataa sita, na mwenyekiti mikono yake magotini. Evangelista aliinua miwili akaambiwa ashushe mmoja. Bomba la nusu inchi lenye mita, mapipa mawili ya mvua, na mfereji wa kwenda malishoni. Yolima alitaka kusema neno la shukrani, lakini machozi yalimzidi, akina mama wakamzunguka na mambo yakaishia hapo.

Saturia alidhani siku imekwisha. Walipofika nyumbani alienda kuwasha moto, akasikia kuku wanapiga kelele bandani, akatoka. Custodio alikuwa amemkamata yule mnene mwekundu, amemning'iniza kwa miguu.

"Huyo anataga," Saturia akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumamosi.

"Najua. Mchemshe mzima."

"Wa nani?"

"Kura imepita," Custodio akasema, bila kumtazama. "Sina tena cha kumpa yule binti. Sasa na mimi naweza kuomba."

Katika maisha yake alikuwa amefunga kapu la namna hiyo mara moja tu, na alilipeleka kwa baba yake Saturia. Alilifunga hili kwa mkono wake, viazi, mayai, akabadilisha kitambaa mara mbili kwa sababu cha kwanza kilikuwa na doa. Wakashuka korongo, wakapanda, yeye mbele na kapu, Saturia nyuma, na mara hii Evangelista aliwaona akanyamaza.

Yolima alikuwa anafagia sakafu ya mbao. Custodio alivua kofia. Sikio lake lilikuwa jekundu kwa baridi au kwa jambo lingine.

"Siku ambazo huna wageni," akasema. "Moja kwa wiki. Mpaka bomba lifike, maji nitayaleta mwenyewe kwa farasi kutoka kwangu, na gesi ni juu yangu. Mke wangu aingie humo." Akamtazama Saturia, kisha akatazama chini. "Bega nililiona. Kuchoka ndiko sikukuona."

Yolima akaweka ufagio chini. Alijua anachoshikishwa, Bogotá haikuwa imemtoa yote kichwani. Hakulipeleka kapu ndani. Alifunua kitambaa palepale, akanyofoa paja la kuku kwa vidole, akalitia mdomoni mbele yao wote wawili, akatafuna, akameza. Kisha akajifuta mkono kwenye aproni, akamuuliza Doña Saturia ni siku gani ya wiki inayomfaa.

Saturia akasema Alhamisi.